Feni Kumi na Saba na Sweta za Bibi

Mimi ni fundi wa feni. Nasema mapema ili anayetaka kunicheka acheke sasa amalize, maana huko mbele sitavumilia. Kibanda changu kiko Magomeni, hapa Kilosa, na joto likianza watu wananiletea feni zao kama wanavyopeleka watoto kliniki: wote siku moja, na kila mmoja anadai wa kwake ndiye mahututi. Kibanda kikijaa, nyingine nazihamishia nyumbani. Ndiyo maana siku bibi yangu alipotaka kufa kwa joto, sebuleni kwangu kulikuwa na feni kumi na saba, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe, na hakuna hata moja iliyozunguka.

Bibi alikuwa ameteremka kutoka milimani kutibiwa jicho lake la kulia. Huko kwake watu wanaota moto mpaka saa nne asubuhi, na sweta si nguo ya msimu, ni sehemu ya mwili. Alikuja nazo mbili, moja nyeupe ya ndani na moja nyekundu ya nje, zote kazifuma mwenyewe kwa ujuzi alioupata shule ya misheni akiwa msichana. Chini ya hizo sweta kulikuwa na gauni la kanisani, juu yake khanga, kichwani kitambaa, miguuni soksi. Nikimwambia, "Bibi, huku kwetu ni joto," ananijibu, "Mume wangu, mimi sivai kwa ajili ya hewa. Navaa kwa ajili ya watu."

Mume wangu ndilo jina aliloniita tangu nikiwa mchanga, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Watu wakimuuliza kwa nini mpaka sasa sijaoa, anawashangaa. "Aoe wangapi?"

Kuhusu watu hakuwa na utani. Mtoto akipita mbele yake bila shikamoo, anaitwa, anarudishwa alikotoka, na anapita tena akiwa mtu mpya. Wakubwa hawakuachwa. Nimemwona akimrudisha mwanamume mwenye mvi, aliyekuwa anaongea na simu, mpaka kwenye kona ya duka. Yule bwana alimwomba radhi mtu wa kwenye simu, akarudi kwenye kona, akaja akainama, "Shikamoo mama." Bibi akamjibu "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayegonga muhuri, kisha akamuuliza habari za mke, watoto, wakwe na mifugo. Simu ilikuwa bado hewani.

Mtu mmoja tu ndiye bibi aliyemnyima hiyo marahaba. Alikuwa jirani yetu anayeleta maziwa asubuhi, mama wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Miaka ya nyuma ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya bibi kule juu, wakala mpaka matumaini. Hawakuwa ng'ombe wa huyu mama, hata yeye alikuwa hajafika mkoa huu. Lakini bibi aliamini ng'ombe wote wanajuana. Basi yule mama anapiga magoti mlangoni, kwa heshima ya kwao, anasema "Shikamoo mama," na bibi anamjibu "Haya," huku akipokea maziwa.

Feni alizikataa zote kumi na saba. Alisema upepo wa feni ukiingia mgongoni hautoki. Dirisha la chumba chake lilifungwa kwa sababu hiyohiyo. Chumba hakina dari, ni bati tupu, na mwezi ule wa kumi na moja mvua zilikuwa zimetugomea. Mchana ukiingia mle ndani masikio yanawaka moto. Nilipiga kelele, nikabembeleza, nikanuna. Kisha nikazoea, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jumapili moja akapata kizunguzungu kanisani. Mwenyekiti wa akina mama akasimama kwenye matangazo, akasema mzee wetu mgeni kutoka milimani haumwi sana lakini anaumwa, na sote tunajua wajibu wetu. Kesho yake alfajiri bibi akaniambia kichwa kinamgonga. Nikamwambia anywe maji. Akasema chai ni maji. Nilikuwa na safari ya Mikumi kuchukua feni za nyumba moja ya wageni, nikaona nisibishane na mtu mwenye diploma ya ubishi. Nikaondoka.

Kule Mikumi, mwenye nyumba alinishikilia mpaka saa tano. Nyani alikuwa ameingia chumba namba nne, akaning'inia kwenye pangaboi, ile feni ya darini, nililolifunga mimi, akalivunja. Mwenye nyumba akadai kazi yangu si imara. Nikamuuliza kama siku aliyoniita alinitajia nyani. Akasema fundi mzuri anaufikiria mji alipo. Tulikuwa watu wazima wawili tunatokwa jasho, tunajadili uzito wa nyani, na wakati huohuo nyumbani kwangu bibi anachemka.

Nilifika Kilosa saa nane kasoro. Viatu vilianzia mlangoni vikaja mpaka getini. Nikajua wamekuja kumjulia hali.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kwenye korido walikuwa wamewasha jiko la mkaa ili chai ya wageni isipoe. Chumbani, mahali pa kitanda kimoja na begi, walikuwamo akina mama ishirini na kitu, wengine wamekaa sakafuni, wengine ukutani, mmoja kwenye begi. Mlango wanaurudishia kila anapoingia mtu ili mgonjwa asipigwe na baridi. Bibi alikuwa ameketishwa kitandani na mito mgongoni, kavaa vyote, sweta zote mbili mpaka kifungo cha juu, kwa kuwa mtu hapokelei shikamoo akiwa amelala. Juu ya magoti wamemwekea blanketi. Kila mgeni alikuwa amempa shikamoo yake na yeye amejibu moja moja, na kuuliza habari za kila nyumba.

Pembeni yake kitandani alilala mama mwingine nisiyemfahamu.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Alikuja kumwona bibi," mwenyekiti akasema, "akazimia. Tumempumzisha."

Habari zilikuwa zimeshafika kwa ndugu za huyo aliyezimia, na kundi la pili la wageni lilikuwa njiani kuja kumjulia hali. Lile la kwanza lisingeweza kuondoka kabla ya sala ya kufunga, na sala ya kufunga haiwezi kusaliwa wakati wengine ndio wanaingia. Kwa hiyo watu waliingia na hakuna aliyetoka. Nikahesabu kwa haraka nikaona mpaka jioni tutakuwa na kitanda cha wagonjwa wanne na wilaya nzima ukutani. Nikasimama pale na mfuko wangu wa feni mbovu. Utawafukuzaje watu waliokuja na sukari?

Nikasogea. "Shikamoo bibi."

Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mtoto wa miaka mitatu hivi aliyepakatwa na mama yake mbele ya kitanda. Bibi akainamisha kichwa, akasema taratibu, kwa adabu zote, "Shikamoo."

Mtoto akatoa kidole mdomoni. "Marahaba."

Chumba kizima kikacheka. Walicheka mpaka wakapigana makofi mikononi. "Mzee ana utani leo! Keshapona!" Na mimi nikacheka. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: mjukuu anayemjua kuliko wote, anayejua kwamba bibi huyu angekubali kufa kuliko kugeuza salamu, alicheka.

Mlangoni kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka. Mama wa maziwa alikuwa amefuata chupa zake. Alikuwa amesimama nje ya kizingiti, maana hajawahi kukaribishwa zaidi ya hapo.

"Huyu mzee mbona hatoki jasho?" akasema.

Nikamtazama bibi. Sote tulikuwa tumelowa kama tumevuka mto. Uso wa bibi ulikuwa mkavu. Nikamgusa shingo, nikaondoa mkono haraka kama nimegusa pasi. Akaniambia na mimi, "Shikamoo."

Nikamgeukia mwenyekiti. "Mama mwenyekiti, naomba mtoke. Tafadhali. Tokeni wote."

"Tunatoka, mwanangu," akasema kwa upole. "Tufunge kwa sala tu. Tufumbe macho."

Wakafumba. Mwenyekiti akaanza na shukrani kwa kuamka salama. Kwa kumsikiliza Jumapili nyingi najua anakopitia: akimaliza kuamka anakwenda kwa viongozi, kisha wasafiri, kisha wajane, kisha mvua, na mgonjwa mwenyewe yuko mwisho kabisa, baada ya kwaya. Nikamtazama mama wa maziwa. Macho yake yalikuwa wazi kama yangu.

"Ng'ombe akikauka pua kwenye jua hili," akanong'ona, "kwetu tunammwagia maji kwanza. Sala tunasali baadaye."

Akavuka kizingiti. Yeye akashika miguu, mimi nikashika kwapani, tukamnyanyua bibi na sweta zake, tukapita katikati ya vichwa vilivyoinama. Nilimkanyaga mtu mkono, akasema "Amina." Tulipofika mlangoni mwenyekiti alikuwa kwa wasafiri.

Nje tukamlaza kwenye kivuli cha mwarobaini, karibu na mapipa ya maji. Mama wa maziwa akaniamuru nigeuke, akamvua soksi, kitambaa, sweta nyekundu, sweta nyeupe. Sijawahi kumwona bibi bila kitambaa kichwani, na hata siku ile sikumwona. Akamfunika khanga iliyolowa, akaniambia nilete maji, nimmwagie, nimpepee. Nikapepea kwa ungo. Fundi wa feni, nimepiga magoti kwenye tope, nampepea bibi yangu kwa ungo huku nalia kwa sauti, na feni kumi na saba zimekaa sebuleni zinanisikiliza.

Ndani wakasema Amina ya mwisho. Kisha nikasikia mayowe. Walikuwa wamefumbua macho wakakuta mgonjwa hayupo kitandani, yupo yule mwingine tu. Nilisikia mmoja akiuliza kama amepaa.

Wakamiminika nje, wakatukuta. Mwenyekiti akatazama zile sweta kwenye tope. Nikadhani atanisema. Akavua kilemba chake mwenyewe, akakichovya pipani, akamwekea bibi kifuani, kisha akachukua mfuniko wa ndoo akaanza kupepea. Wengine wakafuata kwa sinia, kwa daftari la kikundi, kwa khanga zao. Yule aliyezimia tulimsahau kabisa. Chumba kilipobaki kitupu kikapata hewa, akaamka mwenyewe, akajimiminia chai. Nikikumbuka hilo naona hasira, maana dawa ilikuwa ni sisi kuondoka tu.

Tulimpeleka zahanati kwa bajaji, khanga mbichi imemzunguka, mama wa maziwa akimmwagia maji ya chupa njia nzima mpaka dereva akalowa mgongo. Mganga akauliza alikuwa amekaa na nini. Nikamjibu, "Na watu." Akadhani namfanyia mzaha.

Bibi hakufa. Siku ya tatu alikula uji, siku ya sita akasimama. Mganga akaniambia joto likimpanda mzee kiasi kile wakati mwingine linaondoka na kitu, na kitu hicho huenda kikarudi, huenda kisirudi. Nikamuuliza kitu gani. Akasema utakiona mwenyewe nyumbani.

Nilikiona asubuhi ya kwanza. Nilikuta amekaa kwenye kiti chake barazani, safi, dirisha nyuma yake liko wazi kwa amri yangu. Kabla sijafungua mdomo akainamisha kichwa, "Shikamoo." Marahaba ilikuwa imemtoka kichwani, haijulikani ilikokwenda, na lile jina la "Mume wangu" nalo. Aliwapa shikamoo watoto wa shule, vijana wa bodaboda, mbuzi wa jirani. Watoto wakagundua. Asubuhi wakawa wanapanga foleni getini, mabegi mgongoni, kila mmoja achukue shikamoo ya mzee kabla ya kuwahi namba shuleni. Niliwatimua kwa panga la feni. Wenye adabu zaidi walinikera zaidi, maana walimjibu kwa sauti ndogo, wakitaka kulia.

Mimi sikumjibu. Wiki tatu kila asubuhi alinipa shikamoo na mimi nikasema "Bibi, chai," au nikaukimbilia mlango. Ningewezaje? Mtu aliyenifundisha neno lile kwa kunirudisha mpaka kwenye kona. Na yeye kila asubuhi alibaki ameinama, ananisubiri, kama mtoto aliyesahauliwa.

Mama wa maziwa alinikuta hivyo siku moja. Siku hizi anaingia mpaka ndani. Alipiga magoti mbele ya kiti kama kawaida yake, bibi akamwahi, "Shikamoo," na yule mama akaishika mikono yake miwili, akasema "Marahaba, mama," bila kuona haya yoyote. Kisha akanigeukia.

"Mjibu. Unamwacha anasubiri mpaka lini?"

Bibi alikuwa ameshainama upande wangu. "Shikamoo."

Nikakaa chini sakafuni ili angalau niwe chini yake. Nikatafuta namna ya kulisema neno lile bila kulisema, nikakosa. Kisha nikakumbuka kwamba yako majumba ambako mke humwamkia mume wake.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mke wangu."

Akanyanyua kichwa. Akanitazama kwa lile jicho zima, akanitazama sana, na mdomo ukaanza kumcheza pembeni, kama zamani.

"Na umekaa chini kama nani?" akasema. "Niletee sweta yangu."