Tetra Arobaini za Zdravka

Saa moja asubuhi, ukungu bado umetanda kitaluni. Zdravka Mineva (61) amepiga magoti mbele ya mche, anaukazia macho kama anayemkagua mposaji wa bintiye.

"Huyu hapana," anasema. "Kahawia tupu! Atoke."

Mche wa pili, wa mbegu za mmea mama uleule, umeiva wekundu wa pilipili. Huo anaufunga uzi, alama ya kwamba umechaguliwa.

Katika mji huu wa chini ya milima ya Rodope, nchini Bulgaria, anayetaka mti wa kuwaka rangi Oktoba humwendea Zdravka. Kipenzi chake ni tetra, kichaka cha porini ambacho wengi hukidharau.

"Tetra anachaguliwa wakati anageuka rangi, basi," anasema. "Ukinunua kwa picha, umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Kupata arobaini zenye uzi kumemchukua miaka sita. Mwaka juzi mvua ya mawe ilimvunjia miche mia mbili, akaanza upya. Arobaini hizo zote zilikuwa za kupandwa kando ya barabara ya stesheni, kwa ahadi ya manispaa. Kazi hiyo ingempa theluthi ya kipato chake cha mwaka.

Wiki iliyopita akaja Lachezar, injinia wa manispaa.

"Mama Zdravka, tumebadili. Tunapanda misonobari. Majani ya tetra yakipukutika, nani atafagia?"

"Kwani sindano za misonobari huokotwa na malaika?"

"Ukituletea misonobari, kazi ni yako. Usipoleta, tunampa mwingine."

"Mpeni! Na mkampe leo leo."

Injinia alipoondoka, Zdravka alikaa juu ya ndoo akalia.

"Iliniuma, sidanganyi," anasema. "Mume wangu akaniambia kiburi hakijazi sufuria. Nikamjibu, basi mwaka huu tutakula maharage, na ukinuna utakula ukiwa umenuna."

Lakini shamba lake limepakana na barabara hiyohiyo, mita mia mbili nzima. Kando ya uzio ameshachimba mashimo ishirini na moja, na viganja vimetoka malengelenge.

"Barabara ni yao, ukingo ni wangu, hati ninayo," anasema, akichukua tena sepetu. "Majani yakishaanguka mwezi ujao, nazipanda zote arobaini. Injinia anapita hapa kila asubuhi kwenda kazini. Kama hataki kuziona, aendeshe gari amefumba macho."