Nusu ya Dawa ya Mzee Nimekunywa Mimi

Naomba jina langu mlifiche, maana nikijulikana sina kazi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, nimetoka upande wa magharibi, na watoto wangu wawili wako nyumbani kwa mama yangu, wanasoma sekondari. Ninafanya kazi ya nyumba Loresho, hapa Nairobi. Kazi yenyewe hasa ni kumtunza mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe. Binti yake, ambaye nitamwita Madam, ana ofisi Westlands na huondoka asubuhi na mapema. Kutwa nzima ni mimi na mzee. Leo ni Jumapili, siku yangu ya kupumzika, nimeingia saiba ya intaneti hapa Adams Arcade niandike haya kabla sijakosa ujasiri.

Mzee ana presha. Mimi pia ninayo, niliambiwa mwaka juzi. Tofauti yetu ni kwamba dawa zake zinalipiwa na bima ya Madam, na zangu zinangoja mshahara wangu, ambao ukifika huwa tayari una wenyewe. Daktari aliniandikia kidonge kimoja kila siku. Mimi nikawa nanunua vya siku tatu, nameza kichwa kikianza kugonga, kikitulia naviweka. Najua mtasema ni ujinga. Semeni tu, hata mzee alisema.

Alinikuta jikoni nikikata kidonge kwa kisu cha mboga.

"Mama, hiyo ni nini unakatakata kama kitunguu?"

"Ni dawa ya presha, mzee. Nataka inifikishe mwisho wa mwezi."

Akavaa miwani, akachukua paketi yangu, akaenda kuleta yake. Alilinganisha majina herufi kwa herufi kama anayesahihisha mtihani. Dawa ilikuwa moja, na nguvu ni ileile. Akacheka. "Sasa wewe utakufa aje na dawa iko kwa hii nyumba? Tutagawana. Leo yangu, kesho yako."

Mungu ni shahidi, nilikataa mara mbili. Mara ya tatu kichwa kilikuwa kinanipasuka, nikakubali.

Hapo ndipo uongo wangu ulianza. Madam hupanga dawa kila Jumapili baada ya kanisa, katika kisanduku chenye vyumba saba, kimoja cha kila siku. Juu ya friji ameweka daftari. Mzee akimeza, mimi naweka tiki. Kwa miezi minane nimeweka tiki kila asubuhi, hata siku ambazo kidonge kilikuwa tumboni mwangu. Na nilipata nafuu, hilo sitaficha. Nikaanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Mzee alikuwa akinitania, "Mama, leo ni zamu yako, usisahau kunywa dawa yangu," nasi tukicheka kama watoto.

Wiki mbili zilizopita Madam alimpeleka kliniki, nami nikaenda nao. Presha yake ilikuwa imepanda vibaya. Daktari akauliza kama anakunywa dawa vizuri. Madam akatoa lile daftari kwenye mkoba.

"Daktari, hajamiss hata siku moja. Huyu mama wetu ni mwaminifu sana."

Daktari akapekua kurasa, akaona tiki zangu zote, akasema basi dawa hii haimtoshi. Akaiongeza mara mbili, na juu yake akaandika nyingine mpya. Mzee aliangalia viatu vyake, mimi nikaangalia ukuta. Hilo neno mwaminifu linanichoma hadi leo.

Tulipofika nyumbani nilimwambia mzee kugawana kumeisha. Nikaamua kufanya mambo sawasawa, kila asubuhi nampa vyote kama vilivyoandikwa, nasimama pale hadi ameze. Siku ya nne aliinuka kitini, akayumba, akaangukia kona ya meza. Alishonwa juu ya jicho. Madam anaamini alijikwaa kwenye zulia, kwa sababu ndivyo tulivyomwambia. Lakini mimi nilielewa. Daktari alimwandikia mtu anayemeza dawa kila siku, na mtu huyo yuko kwenye daftari tu.

Jioni ile nikamwambia, "Mzee, wacha niambie Madam ukweli." Akanishika mkono.

"Ukisema, kesho uko kwa stage ya matatu na mizigo yako. Atasema uliniibia. Nikisema ni mimi nilikupa, atasema nimezeeka sijui chenye nafanya. Halafu aniletee mtu simjui aniogeshe. Nyamaza, mama. Tugawane tu vile tulikuwa."

Sijagawana tena. Mwenyewe sijameza kitu wiki mbili, na kichwa kimeanza. Lakini tangu aanguke nambahatishia. Siku nyingine nampa nusu, siku nyingine vyote, na daftari linasema vyote. Ijumaa wanarudi kliniki, na daftari litaenda nao. Nikikiri, kazi imekwisha na watoto watarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Nikinyamaza, daktari anaweza kuongeza tena, na naogopa nitamuua mzee ambaye kosa lake ni kunihurumia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi maradhi hatukuficha, tulificha dawa, na kilio nakiona kinakuja vilevile.

Msinitukane sana, nimeshajitukana. Saa hii ninapoandika, Madam yuko mezani anajaza kisanduku cha wiki. Kesho asubuhi akishaondoka, mzee atanyoosha kiganja chake, angoje nimwekee dawa, kisha nichukue kalamu. Ndugu zangu mnaosoma, niambieni: nimpe ngapi, na niandike nini?