Pumzi ya Annastella

Mimi nafundisha hesabu, na sauti yangu hufukuza kuku, kwa hiyo msiniulize habari za noti. Lakini kwa miaka sita nimekaa meza moja na Wilbert, mwalimu wa muziki, hapa shuleni Kagoma, na haya niliyaona kwa macho yangu.

Zamani kipindi chake kilikuwa cha kusinzia. Kinanda kimoja kibovu, wanafunzi sitini. Kisha akapewa kishikwambi, kama walimu wote. Sisi wengine tukatazamia mpira. Yeye akaweka programu ya kurekodi sauti nne za wimbo, kila moja peke yake. Mtoto anavaa hedifoni, anasikiliza sauti yake tu, anaipunguza kasi, anarudia mpaka imkae. Ghafla wakawa wanagombania zamu. Watoro wangu wa hesabu niliwakuta huko, na wivu uliniuma, sifichi.

Sauti ya tatu na ya nne aliimba mwenyewe. Ya kwanza aliimba msichana wa kidato cha nne. Ya pili aliimba mkewe, Annastella, ameegemea mito kitandani, maana mapafu yalikuwa yameshachoka. Miezi miwili baadaye tulimzika kwenye kibanja chao, kati ya migomba.

Tangu hapo Wilbert akawa wa mwisho kuondoka shuleni. Nikimuuliza atakula nini, hujibu kwa upole wa Kihaya, "Ndizi zipo, waitu." Zilikuwepo, ndiyo, zikiivia kwenye mkungu bila mtu wa kuzimenya.

Mwaka huu kwaya ilishinda mashindano ya wilaya, Muleba, ikachaguliwa kwenda ya mkoa, Bukoba. Ila jaji mmoja alimwita Wilbert pembeni, nami nikiwa karibu.

"Mwalimu, wasichana wako wa sauti ya pili wote wanavuta pumzi katikati ya neno. 'Nyumba', halafu pumzi, halafu 'ni'. Kosa moja, vinywa kumi na sita! Bukoba hawatawasamehe."

Wilbert aliinamisha kichwa. Hata mimi wa kuku nilielewa. Wasichana walikuwa wamejifunza kutoka kwa Annastella, na hapo ndipo pumzi ilipomwishia. Walidhani ndivyo wimbo ulivyo.

Tukiwa njiani kurudi nilijitia ujuzi. "Irekodi upya. Ile ya zamani ihamishie kwenye simu yako, utaisikiliza nyumbani."

"Safina," alisema, "nyumbani siwezi. Nimejaribu, nikazima kabla hajaanza kuimba. Lakini hapa darasani, watoto wakifika neno lile, namsikia yupo. Kila siku, kipindi cha saba. Nikiwarekebisha, nitamsikia wapi?"

Hesabu haina jibu la swali hilo. Nilimwonea huruma, nikajionea aibu kwa ushauri wangu wa bure.

Jumatatu nilipita dirishani kwake. Alikuwa ameketi peke yake, hedifoni masikioni, akiimba sauti ya pili kwa koo lake la kiume, juu kuliko linavyoweza kufika, akijirekodi. Neno lilitoka zima: nyumbani. Alirudia mara nyingi, ingawa mara ya kwanza tu ilikuwa imetosha.

Wasichana walilalamika. "Mwalimu, tumezoea ile ya mama," mmoja wao, Kokubanza, alimwambia. "Na hii mbona unapumua kwingine?"

"Hii ndiyo sahihi," akasema, akawagawia zamu.

Bukoba ukumbi ulijaa. Mimi nilikaa safu ya mbele, pembeni, nikamwona Wilbert kwa ubavu, mikono juu, akiongoza. Walipofika kwenye neno lile nilishika kiti. Wasichana kumi na sita waliliimba moja kwa moja, safi kabisa, na watu nyuma yangu wakaguna kwa kuridhika.

Wilbert naye alikuwa akiimba nao bila sauti, midomo tu. Aliposema "nyumba" mabega yakapanda, akavuta pumzi, peke yake, ndipo akamalizia.