Kidole cha Ustadhi

Katika kikundi chetu cha kusoma vitabu, mtaani Chumbageni, ustadhi wa madrasa ndiye anayesubiriwa kila ukurasa. Tunajizoeza kusoma haraka, kidole kikiongoza macho, midomo imefungwa. Kidole chake huanzia kulia, kama kwenye msahafu, na midomo humcheza.

"Ustadhi, unarudi ulikotoka!" humtania Bi Asmahani, muuza vitambaa.

"Nivumilie, dada yangu. Leo sitakuwa wa mwisho." Hupangusa miwani kwa ncha ya kanzu, akaanza upya.

Jumamosi tulisoma kisa cha bwana harusi aliyejifungia chooni, wageni wakingoja. Safari hii kidole kilianzia kushoto. Midomo haikucheza. Ghafla ustadhi akaangua kicheko, peke yake. Tukaharakisha mistari, na mmoja mmoja tukamfikia tukicheka.