Naam, na Bastola Mkononi

Jibu la posa yangu lilichelewa, na lilipokuja halikuwa jibu. Ulikuwa mwaliko wa kwenda kuchagua bastola.

Niliyemposa alikuwa mjane wa makamo kama mimi, wa familia ya Kizanzibari iliyohamia Dubai kabla mimi sijazaliwa. Walii wake, mwenye haki ya kumwozesha, alikuwa kaka yake mkubwa, raia wa nchi, mwenye duka la vipuri vya magari Ras Al Khor na nyumba Al Warqa yenye sebule mbili. Mimi nilikuwa mfasiri katika ofisi ya mizigo, mpangaji wa chumba Al Qusais, mtaliki, mwenye shahada mbili na kitambi kimoja. Wazee niliowatuma kupeleka posa walipewa kahawa, halua, na neno moja tu: "Tutakuiteni." Kisha kimya.

Halafu siku moja akanipigia simu mwenyewe.

"Maalim," akasema. Aliniita hivyo kwa sababu niliwahi kufundisha chuo kikuu, na sikuweza kujua kama lilikuwa neno la heshima au la kunipima. "Wewe msomi, unajua kuchimbua mambo ya mtandaoni. Nataka bastola ndogo ya mazoezi. Hii yangu kubwa risasi zake ghali, kila nikilenga shabaha naona kama nachoma noti. Ijumaa jioni twende klabu, unisaidie kuchagua."

"Inshallah, sheikh."

Nilimwita sheikh kwa kukosa jina jingine. Kumwita kaka kungekuwa kudai nisichopewa, na kumwita bwana kungekuwa kukata tamaa. Sheikh, Dubai, halimkosei mtu.

Nilimweleza dada yake, yule niliyemposa, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Kaka hamtazami mtu sebuleni," akasema. "Aliyemtaka mdogo wangu alimchukua wakaangalie gari la kununua. Yule bwana akashuka, akabamiza mlango."

"Ikawaje?"

"Mdogo wangu ameolewa na mwingine."

Basi nikajiandaa kwa njia pekee ninayoijua, yaani kusoma kupita kiasi. Nilikuwa sijawahi kushika bastola, lakini kufika Ijumaa ningeweza kuitolea mhadhara. Nilijua kwamba zile risasi ndogo, ambazo watu wa klabu huziita tuu-tuu, yaani mbili-mbili kwa Kiingereza cha kipimo chake, hulipuka kwa kugongwa ukingoni mwa kitako, si katikati kama zile kubwa. Ganda lake ni rahisi kutengeneza, ndiyo maana bei yake ni ya huruma. Teke lake ni dogo pia, kwa hiyo mkono haujifunzi kuogopa. Lakini ukingo huohuo una visirani vyake. Baruti ya kuwashia ikikosa kufika upande mmoja, nyundo inagonga na hakuna kitu. Tena bastola zake zinachagua chakula: hii inakula risasi za kila kiwanda, ile inasakamwa na nusu yake.

Klabuni tulipokewa na mwalimu wa shabaha, Mganda mrefu mwenye sauti ya kwata. Alituwekea bastola tatu juu ya meza. Ya kwanza nyepesi, mwili wa plastiki, umbo lake sawa na ile kubwa ya sheikh. Ya pili ya mashindano, mtutu mrefu, nzito kama nyundo ya fundi. Ya tatu ya silinda, ya kizamani kidogo, unazijaza risasi moja moja.

"Sikilizeni," mwalimu akasema. "Mtutu unaangalia mbele. Ukicheka, mbele. Ukipiga chafya, mbele. Risasi ikikataa, mbele, unasubiri, unainua mkono wa kushoto, mimi nakuja. Hakuna kugeuka. Sir, umeelewa?"

"Nimeelewa," nikasema, nikiwa karibu kumweleza kuhusu baruti na ukingo.

Sheikh alianza. Alijaribu zote polepole, kisha akanigeukia.

"Haya maalim. Ipi?"

Nikatoa mhadhara. Nikasema ile ya plastiki, kwa kuwa inafanana na yake kubwa, mkono utajifunza kitu kimoja kwa risasi za bei ndogo. Ile ya mashindano ni nzuri lakini italemaza mkono, ukirudi kwenye yako utajiona mgeni. Ya silinda kifyatulio chake ni kizito. Nilizungumza vizuri. Nilijisikia nikizungumza vizuri.

"Umesoma," akasema. "Na mkono wako unasemaje?"

"Mkono wangu?"

"Ishike hiyo unayoisifu. Piga."

Nikavaa vizibio vya masikio, vile vya kisasa vinavyozuia mlio na kupitisha sauti ya mtu. Laiti vingekuwa vile vya bei rahisi. Nikasimama kwenye mstari. Sikuwa naogopa bastola. Nilikuwa namwogopa mtu aliyesimama nyuma yangu, akitazama miguu yangu, mabega yangu, na pengine kitambi. Nilipiga ya kwanza. Karatasi ilitoboka, si pale nilipokusudia, lakini ilikuwa karatasi yangu na si ya jirani. Ya pili. Ya tatu.

Nikavuta tena. Ikasema tik.

Hicho nilikuwa nakijua. Nilikuwa nimekisoma. Mtutu mbele, subiri, maana risasi iliyokataa inaweza kubadili mawazo. Nikasubiri. Kidole nikakitoa. Nikaanza kuinua mkono wa kushoto. Kwa muda ule mdogo nilikuwa mtu mwenye kuaminika kabisa.

"Maalim," sauti ikaita nyuma yangu.

Mimi nimelelewa na bibi, Tanga. Nyumbani kwake ukiitwa na mkubwa, haifai kumjibu huku umempa mgongo. Bibi alilipa kosa hilo jina: kuitika kwa kisogo. Adhabu yake ilikuwa kofi, na kofi lilikuja kabla ya maelezo. Vitabu vyote nilivyosoma baadaye vimekaa juu ya kofi hilo.

Nikageuka mwili mzima.

"Naam."

Sikuona mkono wa mwalimu ukija. Nilihisi tu kifundo cha mkono wangu kimekamatwa na kusukumwa kule mbele, chini, na bastola ikatoka kwenye vidole vyangu kama jino bovu. Hakupaza sauti. Aliichomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akaiondoa ile iliyokataa, akaiweka kwenye kopo la mchanga, ndipo akanitazama.

"Nilisema hakuna kugeuka, sir."

"Nimemwita mimi," sheikh akasema.

"Kuita ni kimoja, mzee, kugeuka ni kingine. Lakini pia hakuna kuita. Wote wawili, benchi. Khalas kwa leo."

Tukaketi kwenye benchi kama watoto waliotolewa darasani. Nikaikalia mikono yangu. Sheikh alikunywa maji, akakifunga kifuniko cha chupa taratibu, akakikaza tena.

"Unajua ule mtutu ulikuwa unatazama wapi?"

"Ukutani, natumaini."

"Tumboni kwangu. Nimeliona tundu lake." Akafikiri. "Tundu dogo."

"Nisamehe, sheikh."

"Kwa nini uligeuka?"

"Uliniita."

"Si ungeitika tu ukiwa hukohuko?"

"Kwa kisogo?"

Akaiweka chupa sakafuni. Nikaona posa yangu ikiondoka, ikipita mlangoni, ikivuka maegesho.

"Nani amekulea?"

"Bibi yangu. Tanga."

"Yu hai?"

"Ametangulia."

"Allah amrehemu," akasema. "Karibu angeniua."

Sikujua kama nina ruhusa ya kucheka, nikakohoa. Yeye akainuka, akaenda kaunta, akarudi na karatasi ya bei.

"Hiyo ya plastiki sitaki. Nyepesi mno, inamfuata mtu popote anapogeuka. Nitaagiza ya silinda."

"Lakini kifyatulio chake, sheikh..."

"Kizito, ulisema. Anayekivuta awe amekusudia. Na wewe ukija kupiga nayo hapa, itanipa muda wa kuinama."

Niliyarudia maneno hayo kichwani hadi maegesho, nikiyachambua kama mkataba wa mizigo: ukija, hapa, itanipa. Yalikuwa na wakati ujao ndani yake, lakini mfasiri anajua wakati ujao si ahadi. Nikaingia kwenye gari lake, nikakumbuka yule bwana mwingine, nikauvuta mlango kwa upole kama namfunika mtoto aliyelala.

Hakuwasha gari. Taa ndogo nyekundu ya mlango ilikuwa inawaka kwenye dashibodi.

"Haujafungika," akasema. "Funga tena, shemeji."