Siku Joka la Mkondoa Lilipouawa

Nilipokuwa mtoto pale Kidete, mto Mkondoa ulikuwa na mwenyewe. Bibi, mama yake baba, alisema ni joka, na makazi yake ni kwenye kona ambako maji hutulia yakawa meusi. Sisi tulioga kivukoni, walipofulia akina mama. Kule konani hakwenda mtoto. Bibi alikuwa Mwanglikana wa benchi la mbele, lakini joka lake hakuna mchungaji aliyeweza kumwachisha.

Halafu likaja banda la video. Jumamosi mchana tukajazana humo, mimi na kaka yangu Yona, kutazama picha ya joka linalomeza watu mtoni. Nilijifunika uso kwa gauni na bado nikachungulia. Tuliogopa mpaka ikawa raha. Mwenye banda alikuwa akitutafsiria kwa kipaza sauti, na kwa kutuchangamsha akaliita joka la Mkondoa. Mwishoni steringi, yule shujaa wa picha, akalilipua kwa bomu. Banda zima tukashangilia.

Tulirudi nyumbani mbio.

"Shikamoo Bibi! Joka lako limekufa!" Yona akasema.

"Marahaba. Limefia wapi?"

"Kwenye video! Vipande vipande!"

Bibi hakucheka wala hakubisha. "Kwa hiyo kesho mtaogea wapi?"

"Konani."

Kesho yake tulimkuta ameketi pale ukingoni, juani, mguu wake mbovu ameunyoosha, mwanzi mrefu mkononi. Na siku iliyofuata. Palizi ikamshinda, magugu yakameza mahindi yake, na sisi tukamtania kwamba amekaa matanga ya joka. Siku moja Yona alizidiwa na maji, akavutwa kwa ule mwanzi. Alipomaliza kukohoa, tukaendelea kucheka.

Bibi hakujua kuogelea. Miaka yote joka ndilo lililotulinda, yeye akilima kwa amani. Tulipoliua, akashika zamu mwenyewe. Haya nimeyaelewa nikiwa na mtoto wangu, na Bibi ameshazikwa. Inaniuma sana kwamba hakuna aliyewahi kumwambia hata pole.

Likizo iliyopita nilimpeleka binti yangu Kidete. Huyu anapenda picha za kutisha kwenye simu kuliko chakula. Tukiwa pale kivukoni nikamwambia habari za joka la konani. Akasikiliza, macho yamemtoka.

"Mama, mwishoni linakufa?"

"Halifi," nikamwambia.