Mama Pua Baada ya Homa

Kabla ya homa ile, mtaa mzima ulimwita Mama Pua, na jina lenyewe alilipata kihalali. Alikuwa akisimama mlangoni pa duka lake la mikate, unga umemjaa hadi kwenye nyusi, anainua kichwa kidogo, kisha anampazia sauti jirani wa ghorofani kwamba sufuria yake inaungua. Na kweli ilikuwa inaungua. Wateja walimtania kwamba angekuwa polisi, wezi wote wangehama mji. Hakuwa na mume wala mtoto. Huo umama alipewa na mtaa.

Duka walilifungua wawili, yeye na dada yake mkubwa, wakiwa bado wasichana. Kazi waligawana bila kukaa kikao. Dada alikanda unga na kupiga soga na wateja, yeye alisimamia tanuri na kunusa. Pua ndiyo iliyomwambia kama hamira imefanya kazi, kama siagi imeanza kuchacha, kama mkate umeiva au bado kidogo.

Homa iliwalaza wote wawili kwa pamoja. Yeye akaamka. Dada hakuamka.

Msibani watu walimsubiri alie. Alipokea mikono, akaitikia pole, akauliza kama wageni wamepata viti. Jeneza liliposhushwa alikuwa akitazama viatu vya mchimba kaburi, akiwaza kwamba kimoja kimefunguka kamba na mtu yule ataanguka. Alijua kabisa kwamba hilo silo la kuwaza saa ile, lakini ndilo lililokuja. Wanawake waliokaa nyuma wakanong'onezana. Wengine walisema amejikaza, wengine wakasema moyo wake mkavu. Aliwasikia wote, na hakuna neno lililomgusa.

Siku jirani alipomletea kahawa ndipo alipogundua homa ilichomnyang'anya. Aliinywa kikombe kizima, akadhani jirani amesahau kutia kahawa. Akasogeza pua kwenye mvuke, akavuta pumzi. Maji ya moto. Akaenda jikoni akafungua kopo la vitunguu saumu, halafu chupa ya mafuta ya taa. Vyote vilikuwa hewa tu, na hata chumvi ulimini haikuwa na ladha. Daktari alimmulika puani kwa taa ndogo, akamwambia huenda itarudi, huenda isirudi, wala hakuna kidonge cha kumpa. Alimshukuru kwa kutomzungusha.

Akafungua duka. Angefanya nini kingine? Mkate wa kwanza ulitoka bila chumvi, wa pili ukaungua chini, wa tatu akautengeneza kwa siagi iliyokwisha kuharibika. Watu walinunua kwa huruma, wakafunga midomo. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wa tangu enzi, ndiye aliyeurudisha mkate akauweka mezani taratibu.

"Binti yangu," alisema, "huu hata mbwa wangu ameuangalia kwanza."

Zamani Mama Pua angecheka hadi ashike mbavu. Sasa alitikisa kichwa tu, akamwomba radhi, akautupa. Lakini mzee alipoondoka alibaki amesimama, na kitu kidogo kikamjia, wala hakikuwa huzuni. Kilikuwa udadisi. Alitaka kujua mtu anafanyaje kazi wakati kile alichokuwa akikitegemea hakipo.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na karakana ya seremala asiyesikia tangu utotoni. Miaka yote walisalimiana kwa kupungiana mikono, na hata siku moja hakuwahi kujiuliza mtu yule anajuaje kwamba msumeno wake wa umeme umeanza kuwa butu, maana wenye masikio hujua kwa mlio. Alasiri ile alivuka barabara akauliza. Mke wa seremala akalichukua swali akalipeleka kwa vidole. Seremala alicheka bila sauti, akamshika Mama Pua mkono, akaulaza juu ya meza ya mashine, akapitisha ubao. Meza ilitetemeka kwa utulivu, kama paka anayekoroma. Kisha akafunga msumeno mwingine, wa zamani, akapitisha ubao wa pili. Safari hii mtetemo ulikuja kwa kushtukashtuka.

"Anasema umeusikia," mke akatafsiri. "Anasema mkono unachelewa kujifunza, usiuharakishe." Seremala akaongeza jambo huku akionyesha kidole kilichokatika ncha. "Na anasema huyu ndiye mwalimu wake wa kwanza."

Basi akaanza upya, mtu mzima na mvi zake. Alibonyeza unga kwa kidole akangoja kuona shimo linarudi haraka au polepole. Alikigonga kitako cha mkate kwa kifundo cha kidole akasikiliza kama ndani mnaitika. Kila asubuhi, mikono ikiwa ndani ya karai, alijiuliza jambo moja tu: jana nilikosea wapi? Hakujilaumu. Lawama nayo inataka moyo uliochangamka. Aliuliza kama mtu anayetafuta mahali bomba linapovuja.

Kusali aliendelea, ingawa maneno yalimtoka kama anasoma kibao cha barabarani. Mwishowe alimfuata mchungaji, akamkuta nyuma ya kanisa ameipindua baiskeli yake, anahangaika na mnyororo. Akamweleza kwamba anaomba na hasikii chochote, na kwamba anaona kama anamdanganya Mungu. Mchungaji aliendelea kuvuta mnyororo.

"Mimi nina miezi ya hivyo," alisema mchungaji, mikono imejaa grisi. "Naingia, naomba, natoka. Sijui kinachoendelea. Ila nikiacha, siwi mtu mzuri nyumbani kwangu. Hilo nimeliona kwa macho."

Hakumpa fungu la kusoma wala hakumwekea mkono kichwani. Alimwomba amshikie gurudumu. Mama Pua akalishika, na njiani akirudi aliona kwamba jibu lile dogo angeweza kulitumia.

Wakati huo binti wa marehemu dada yake alikuwa amekwisha kuhamia dukani. Aliacha kazi ya mapokezi hotelini, akaja kukanda unga mahali pa mama yake, na ndiye sasa aliyeonja chumvi na kunusa siagi. Walifanya kazi vizuri, ila msichana alikuwa analia kila mara. Alilia akichekecha unga, alilia akirudisha chenji, mpaka wateja wakawa wanaomba mkate kwa sauti ya chini. Mama Pua alimwangalia akashindwa kujua la kufanya, maana ndani yake hapakuwa na kitu cha kumpa.

Siku moja hakumwona kwenye meza. Alimkuta stoo, amekaa juu ya gunia, unga umeganda mashavuni kwa machozi. Msichana hakuinua uso.

"Mama mdogo," alisema, "hujamlilia mama yangu hata mara moja."

Mama Pua angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kila mtu analia kivyake, na maneno mengine ya namna ile yanayosemwa msibani. Aliyapima akaona mepesi.

"Sijaweza," alisema. "Nimejaribu. Nakaa, nangoja, hakuna kinachokuja. Si kwamba simpendi."

"Kwa hiyo unajisikiaje?"

"Kama mguu uliokufa ganzi. Najua ni wangu, nautumia, nautembelea."

Kisha akafanya jambo ambalo angelifanya kama moyo wake ungekuwa hai. Alijishusha sakafuni, magoti yakilia, akailoanisha aproni yake ndooni akamfuta msichana uso, akamkumbatia. Hakusikia joto lolote la ajabu. Alisikia mgongo wake ukiuma, na mabega ya mtoto yakitulia kidogo kidogo chini ya mkono wake, mtetemo ukawa laini. Akayaangalia hayo kwa makini, akayaweka akilini: hivi ndivyo inavyofanya kazi, hata kwa mkono uliokufa ganzi.

Baada ya siku ile alimwomba msichana amsimulie harufu. Haikuwa kwa ajili ya kazi. Alitaka tu kujua. Msichana akawa anamwambia, tanuri linapofunguliwa: leo kunanukia kama karanga, leo kama nguo iliyopigwa pasi. Mara moja alisema kunanukia shingo ya mama, akacheka na kulia kwa pamoja, na Mama Pua akaacha alichokuwa anafanya ili asikilize vizuri.

Mwaka ulipotimia walipeleka mikate kanisani. Ilikuwa mizuri. Mwalimu mstaafu alikula vipande vitatu na hakumtaja mbwa. Pua ilikuwa bado imelala, na Mama Pua alisimama kwenye ibada ya kumbukumbu macho makavu kama mwanzo, akiitikia nyimbo zote kwa sauti ya kutosha.

Jioni, wakiosha trei uani, msichana alimuuliza kama anadhani Mungu anaudhika na mtu anayemwomba bila kusikia kitu.

Mama Pua alisugua pembe ya trei mpaka ikang'aa.

"Sijui," alisema. "Tuulizane. Wewe unaonaje?"

Msichana akaanza kueleza, na yeye akavuta ndoo karibu, akaipindua, akakaa juu yake.